Deni Letu kwa Walioulipia Uhuru

Hekalu linapoadhimisha miaka yake, ni desturi kuwashukuru waliotoa matofali, saruji na fedha. Shukrani hizo zimo katika kurasa nyingine za kitabu hiki. Sisi tulioombwa kuandika historia tumeona tuanze nyuma zaidi, kwa siku ambayo bila hiyo pasingekuwa na jengo wala na sisi wa kulijenga. Siku hiyo ni tarehe 18 Oktoba 1961.

Bunge la Tanganyika, Dar es Salaam, lilikuwa likijadili muswada wa uraia. Zilikuwa zimesalia wiki saba tu kufikia Uhuru. Swali lilikuwa fupi: nani atakuwa raia wa nchi mpya? Baadhi ya wabunge walitaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Tusiwadharau wabunge wale. Walisema yaliyokuwa mioyoni mwa watu wengi, tena kwa sababu. Chini ya Waingereza, mishahara, shule, hospitali na hata viti vya Baraza la Kutunga Sheria viligawanywa kwa rangi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Duka la Mhindi ndilo lililonunua mazao ya mkulima na kumwuzia chumvi na kaniki, na aliyeisoma mizani daima alikuwa mtu mmoja. Aliyesimama upande wa pili wa meza hakuyasahau hayo.

Waziri Mkuu, Julius Nyerere, angeweza kunyamaza. Badala yake alisimama akasema kwamba uraia utajengwa juu ya utii kwa nchi, si juu ya rangi ya ngozi. Aliwafananisha wanaotukuza rangi na akina Hitler, akatamka wazi kwamba muswada ukishindwa, serikali yake itajiuzulu. Sisi wafanyabiashara tunafahamu maana ya kuweka dhamana. Mtu huyu aliweka dhamana serikali nzima, ambayo chama chake kiliihangaikia tangu 1954, kwa ajili ya watu ambao, kwa kanuni za chama hicho za wakati ule, hawakuruhusiwa hata kuwa wanachama. Muswada ulipita. Mtu aliyezaliwa Tanganyika, na mzazi wake mmoja akiwa amezaliwa Tanganyika, alikuwa raia siku ile ile ya Uhuru. Wengine walipewa miaka miwili ya kujiandikisha.

Lakini kabla ya Bunge kupiga kura yake, wananchi walikuwa wamekwisha kupiga ya kwao. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959, kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua watu watatu: Mwafrika mmoja, Mhindi mmoja na Mzungu mmoja. Asipowachagua wote watatu, kura yake iliharibika. Waafrika, waliokuwa karibu watu wote wa nchi, waliona hayo kuwa matusi, na hawakukosea. Katika mkutano wa TANU uliofanyika Tabora mwezi Januari 1958, wengi walitaka kususa. Nyerere aliwashawishi waingie katika uchaguzi ule, na Zuberi Mtemvu akajitenga na kuanzisha chama chake. Basi karani na mwalimu wa Kiafrika, waliokwisha kupitia masharti ya elimu na kipato ndipo wakaandikishwa, waliimeza fedheha ile wakawapigia kura Amir Jamal, Sophia Mustafa na wenzao walioungwa mkono na TANU. Majina ya wapiga kura wale hatuyajui.

Wa kwetu walikuwepo pia. Wakili K. L. Jhaveri, Mgujarati, alikuwa miongoni mwa mawakili waliomtetea Nyerere mwaka 1958 aliposhtakiwa kwa kuwakashifu maofisa wa serikali. Randhir Thaker alichapisha gazeti la Kiswahili la Ngurumo. Walikuwa wachache, na ni vema tuseme hivyo bila kujipamba. Wengi wa wazee wetu walikaa nyuma ya kaunta, pasipoti ya Uingereza sandukuni, wakingoja kuona upepo utavuma upande gani.

Kwetu Mbozi, gharama ya uhuru ilionekana barabarani. Tarehe 11 Novemba 1965, walowezi wa Rhodesia chini ya Ian Smith walijitangazia uhuru wao wenyewe. Mwezi uliofuata Tanzania ilivunja uhusiano na Uingereza kwa sababu Waingereza hawakutaka kuwazuia, na kwa uamuzi huo nchi yetu maskini ikakosa mkopo wa pauni milioni 7.5. Zambia, iliyozoea kupata mafuta kupitia kusini, ilikauka. Malori yakaanza kupita hapa kwenda Tunduma na mapipa ya petroli, katika barabara ya udongo ambayo masika iligeuka tope na kiangazi ikawa vumbi lisiloonyesha gari la mbele. Ilijulikana kama njia ya jehanamu. Madereva walikufa katika makorongo ya barabara ile, Waafrika, Wasomali na Wahindi, na jeneza halikuuliza kabila.

Huenda kijana akauliza mapipa hayo yanahusu nini uhuru wa mtu binafsi. Yanahusu sana. Kama Zambia ingesalimu amri, utawala wa kugawa watu kwa rangi ungefika hadi ng'ambo ya Tunduma, chini ya saa moja kwa gari kutoka hapa tulipo.

Bomba la mafuta la TAZAMA lilikamilika 1968, kisha ikaja reli. Ujenzi wa TAZARA ulianza 1970, na mwaka 1973 njia ilifika mpakani. Yote, kilomita 1,860, ilikabidhiwa rasmi Julai 1976. Wachina zaidi ya 60 walikufa kazini, na makaburi yao yako Gongo la Mboto. Watanzania na Wazambia waliofia kazi ile hawana makaburi ya pamoja ya kutembelewa.

Njia haikuwa laini. Aprili 1971 sheria ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na wengi wa jamii yetu wakafunga safari kwenda Uingereza na Kanada. Kwa waliopoteza nyumba yalikuwa maumivu, nasi hatusemi vinginevyo. Hata hivyo sheria ile ilipima thamani ya jengo. Haikumvua mtu uraia wake. Mwaka uliofuata, Agosti 1972, Idi Amin aliwapa Wahindi wa Uganda siku 90 za kuondoka, na wengi waliokuwa na karatasi za uraia walizikuta hazina kazi. Jambo lililokataliwa Dar es Salaam mwaka 1961 lilitendeka Kampala. Na Amin alipovamia Kagera mwaka 1978, vijana wa Kitanzania, watoto wa wakulima kama wa hapa Mbozi, walikwenda kumzuia, wakaingia Kampala Aprili 1979. Wengi waliokufa wamelazwa Kaboya, wilayani Muleba. Hakuna aliyewauliza kama wangependa kufa ili jirani yao Mhindi awashe taa ya Diwali bila hofu. Taa hizo tunaziwasha kila mwaka hata hivyo.

Jioni ya maadhimisho, katika sala ambamo huwa tunawakumbuka marehemu wa koo zetu, mwaka huu tutawakumbuka pia madereva wa njia ile, wajenzi wa reli na askari wa Kaboya. Majirani wote mnakaribishwa, Wanyiha na Wanyamwanga, Waislamu na Wamoraviani. Mwenye ndugu aliyefia barabarani, relini au vitani alete jina lake kwa mlinzi wa lango kabla ya jua kutua, nalo litasomwa pamoja na yale ya kwetu. Chakula hakitakuwa na nyama, ila kitatosha.