Swali la dada na kromosomu ya 47

Wadau, juzi dada yangu wa Dodoma, ana miaka 38 na mimba ya miezi minne, kaniuliza: "Mdogo wangu, eti siku hizi wanapima damu ya mama tu wanajua kama mtoto ana Down?" Ndiyo dada, ila safari ilikuwa ndefu.

Mwaka 1866 daktari Mwingereza John Langdon Down aliwaeleza watoto hawa kama kundi moja, akawaita Wamongolia, eti kwa macho yao. Jina hilo la ovyo lilidumu karibu miaka mia, mpaka Mongolia ilipolilalamikia kwa Shirika la Afya Duniani mwaka 1965. Chanzo kilitangazwa Paris mwaka 1959: kromosomu 47 badala ya 46. Sifa zote akapewa Jérôme Lejeune, wakati aliyeotesha zile seli maabara ni mwanamama, Marthe Gautier. Mnalijua jina lake? Mimi nilikuwa silijui.

Kwa miaka mingi, kupima kulimaanisha sindano ndefu tumboni kuvuta maji ya uzazi, pamoja na hatari ndogo ya mimba kutoka. Mwaka 1997 Dennis Lo, Mhongkong aliyesomea Oxford, na wenzake wakatafuta kwenye majimaji ya damu ya mama, yale yanayobaki seli zikiondolewa. Walisaka kromosomu Y, ambayo mwanamke hana. Kati ya wajawazito 30 wenye watoto wa kiume, waliiona kwa 24. Mwaka 2011 kipimo cha Down kikaanza kuuzwa Hong Kong na Marekani.

Bunge letu pale Dodoma lilikuwa limeshapitisha sheria ya vinasaba vya binadamu mwaka 2009, chini ya usimamizi wa Mkemia Mkuu wa Serikali. Wengi tunaikumbuka kwa kesi za "mtoto wa nani" tu. Kutoa mimba nako ni kosa la jinai, isipokuwa kuokoa maisha ya mama. Kwa hiyo dada atazaa, jibu liwe lolote. Faida kwake ni moyo: karibu nusu ya watoto wenye Down huzaliwa na hitilafu ya moyo, na akijua mapema atachagua pa kujifungulia.

Nikamwambia pia kwamba kipimo hicho hutoa uwezekano, si uhakika, maana vinasaba vile hutoka zaidi kwenye kondo la nyuma.

"Kwa hiyo wakiniambia kuna shida, sindano bado ipo?"

Ipo, dada.