Leseni ya Kuwinda na Maji ya Wembere

Mtu atokaye Ulemo, katika Wilaya ya Iramba, akashika njia ya magharibi na kupita Kiomboi, hufika ukingoni mwa nchi ya juu, na chini yake hutandaa mbuga ya Wembere. Wakati wa mvua mbuga hiyo hufunikwa na maji, wakaja korongo, yangeyange na bata. Kiangazi huacha udongo uliopasuka. Maji yake huingia Ziwa Kitangiri, kisha hufuata Mto Sibiti hadi Ziwa Eyasi. Je, katika historia ni nani aliyelipa gharama ya kutunza maji ya namna hii?

Mwindaji alianza kulipa zamani. Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann wa utawala wa Kijerumani alitoa amri iliyomtaka awe na cheti. Waingereza wakafuata kwa sheria ya 1921, na ile ya 1951. Lakini sheria hizo zilihesabu wanyama: tembo na ada yake, nyati na yake. Kinamasi, ambacho bila yake bata hana makao, hakikuwa na bei daftarini. (Naye mwenyeji aliyewinda kwa upinde wa babu zake, asiyekuwa na cheti, akaitwa jangili.)

Marekani walishika njia nyingine. Ukame wa miaka ya 1930 ulipokausha mabwawa na bata kupungua mno, sheria ya tarehe 16 Machi 1934 ilimlazimisha kila mwindaji wa bata mwenye umri wa miaka 16 au zaidi kununua stempu ya dola 1. Ya kwanza ilichorwa na Jay Darling, mchora katuni. Iliuzwa posta, wala haikupeleka barua; mwenyewe aliitia sahihi akaichukua mawindoni. Hata hivyo yasidhaniwe mambo yalinyooka mara moja. Kwa miaka mingi fedha nyingi zilitumika katika uendeshaji, ardhi ikanunuliwa kidogo, mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 1958 na kuzifunga fedha hizo kwenye ununuzi na ukodishaji wa ardhi ya ndege. Siku hizi stempu ni dola 25, na ekari zaidi ya milioni 6 zimehifadhiwa.

Tanzania ilifunga uwindaji mwaka 1973, ikaufungua tena 1978, na mwaka huo huo ukaanzishwa mfuko wa kuhifadhi wanyamapori, uliopewa sehemu ya mapato ya uwindaji. Hatua hiyo ilikuwa kubwa, kwa kuwa ada ilipata kurudi porini badala ya kuishia hazina. Lakini ulikuwa mfuko wa wanyama kwa jumla, si wa mabwawa. Maji yalipata heshima yake baadaye, nchi ilipojiunga na Mkataba wa Ramsar mwaka 2000 na kuandikisha Malagarasi-Muyovozi, kisha Natron, Kilombero, na mwaka 2004 Rufiji-Mafia-Kilwa. Wembere haikuwamo, ingawa wavuvi wa Kitangiri na bata wa mbuga ile hutegemea maji yale yale.