Shufaa: Neno la Nyumba Lililopotoshwa na Tafsiri

Mtoto wako akirudi skuli na hesabu zake za namba shufwa na namba witiri, huwa ametamka neno la sheria ya nyumba bila ya kujua. Shufwa ni namba igawikayo kwa mbili. Witiri ni ile yenye kubakisha moja. Yote mawili asili yake ni Kiarabu, na yamo katika aya ya 3 ya Suratul Fajr. Shina la shufwa maana yake ni kukitia kimoja pamoja na cha pili vikawa jozi. Humo limetoka shafaa, yaani maombezi, kwani mwombezi hujiunga na yule aliye peke yake; na humo limetoka shufaa, ambalo ndilo tulitakalo leo.

Tuseme baba amefariki, na nyumba imebaki kwa watoto wake, haijagawanywa. Mmoja wao aliuza fungu lake kwa mtu wa mbali. Sheria yampa mwenziwe haki ya kumwendea yule mnunuzi, amlipe bei ileile aliyotoa, alichukue lile fungu, mnunuzi apende asipende. Fungu lililouzwa limetiwa pamoja na la mshirika. Witiri imekuwa shufwa. Wako wataalamu wa lugha waliosema kuwa asili ni maombezi: zama za ujinga mtu alipotaka kuuza nyumba, mwenzake alimjia kumwombea apewe yeye.

Watu wengi hulifasiri neno hili kuwa ni "haki ya kununua kwanza", na hapa ndipo panapoponza. Mwenye kuifahamu hivyo, akisikia kwamba nduguye kesha uza, hukata tamaa na kusema: nimechelewa. Kumbe hajachelewa! Shufaa huzaliwa pale mauzo yanapotimia. Kabla ya hapo haipo. Kinachomchelewesha ni kunyamaza baada ya kujua. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yaliyoenea pwani yetu, kauli yenye nguvu ni kuwa hudaiwa papo kwa papo, na anayekaa kimya pasipo udhuru huipoteza. Mahanafi wameliita dai la kwanza kwa neno lenye maana ya kuruka, kama mtu aliyeshtuka usingizini.

Kosa hili si letu peke yetu. Waingereza kule Bara Hindi waliifasiri shufaa kwa neno la Kilatini lenye maana ya kununua kabla. Mwaka 1885, huko Allahabad, katika kesi ya Gobind Dayal na Inayatullah, Jaji Syed Mahmood alieleza kwamba haki hii ni ya kushika nafasi ya mnunuzi katika mauzo yaleyale, wala si mauzo mapya. Kwa maoni yangu hakuna aliyeifasiri vizuri kuliko yeye. Wafaransa walikuwa karibu zaidi: sheria yao ya kale iliwaruhusu jamaa kuirejesha ardhi ya ukoo iliyouzwa kwa mgeni, kwa kulipa bei yake, mpaka ilipofutwa mwaka 1790. Waturuki walilihifadhi neno shufaa hata katika sheria yao ya 1926, kisha sheria mpya iliyoanza 2002 ikaliondoa na kuweka neno la Kituruki lenye maana ya kununua mbele. Kosa lilelile la Kilatini, kwa ulimi mwingine.

Je, jirani naye ana shufaa? Imamu Bukhari amepokea kisa cha Abu Rafii, aliyetaka kumuuzia Saad bin Abi Waqqas vyumba viwili vilivyokuwa ndani ya ua wa Saad. Saad alisema hatatoa zaidi ya dirham 4,000, tena kwa mafungu. Abu Rafii alikuwa amekwisha ahidiwa dinari 500 taslimu, nazo kwa hesabu ya dirham 10 kwa dinari ni dirham 5,000. Akampa Saad, akieleza kuwa lau asingemsikia Mtume (s.a.w.) akisema kuwa jirani ana haki zaidi kwa ukaribu wake, asingekubali bei ile.

Kwa hadithi hii Mahanafi wakampa jirani shufaa, baada ya mshirika wa nyumba na mshirika wa njia au maji. Ndivyo ilivyoandikwa pia katika Majalla ya Dola ya Uthmaniya, 1869 hadi 1876. Mashafii wameshika hadithi ya Jabir, kwamba shufaa imo katika kisichogawanywa, na mipaka ikiwekwa na njia zikitengwa, hakuna shufaa. Jirani wa Abu Rafii, wao wamemfahamu kuwa ni mshirika.

Kwa hiyo, msomaji wa pwani, ukuta wa jirani yako haukupi shufaa katika madhehebu haya. Fungu lako ndani ya nyumba isiyogawanywa ndilo likupalo. Tena fungu lililotolewa zawadi au kurithiwa halina shufaa, kwa kuwa halina bei ya kulipwa. Na nyumba ndogo mno, ambayo ikigawanywa haifai tena kukaliwa, kauli sahihi zaidi ya Mashafii ni kuwa haina shufaa. Vitabu vyao hutoa mfano wa hamamu na kinu cha kusagia.