Jumuiya ya Wakazi wa Mtaa

Ni chama cha hiari ambacho wenye nyumba na wapangaji, katika miji kama Kitale na Bungoma, hukiasisi ili kuhifadhi mali ya shirika: njia, mitaro, taa, lango na kiwanja cha watoto. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 36, imedhamini uhuru wa kujumuika. Na kwa majengo yaliyogawanywa kwa wamiliki wengi, sheria ya 2020 imewafanya wamiliki hao jumuiya ya kisheria, kila mmoja akichangia gharama kwa kadiri ya fungu lake. Mwenyekiti, katibu na mtunza hazina huchaguliwa mkutanoni, na wajibu wao mkubwa, kuliko hata kuzibua mitaro kabla ya masika, ni kutoa hesabu ya michango.