Mkielewana, Hampati Talaka

Hebu fikiria mume na mke wa Nairobi mwaka wa 1965. Walifunga ndoa ya cheti, sasa wamechoshana. Hakuna aliyempiga mwenzake, hakuna aliyetoroka. Jioni moja wanaketi mezani na kukubaliana: wewe chukua hiki, mimi nichukue kile, watoto wataishi kwa mama, shule zikifungwa waende kwa baba. Kisha wanapanga mmoja wao aende kortini kuomba talaka na mwingine asipinge.

Jaji akigundua kwamba walipanga kesi hiyo pamoja, anaitupilia mbali. Kwa sheria ya wakati huo, wamekula njama.

Leo ukiingia Milimani na kesi ya ndoa, unaweza kuambiwa uende kwanza kwa mpatanishi mkaelewane. Watu wengi wa rika letu wanadhani huu ni mtindo mpya kutoka ng'ambo, kitu cha watu wa kazi za ofisini. Lakini kuachana kwa mazungumzo kulikuwepo hapa kabla ya korti. Korti ndiyo iliyokuja ikakuzuia, na baadaye korti hiyo hiyo ikakurudisha. Stori ya hapo katikati inafaa kujulikana, kwa sababu ndani yake mna swali ambalo bado linatuuma: mkiketi kuzungumza, nani hasa anasikizwa?

Tuanze na wazee. Eugene Cotran alikusanya sheria za mila za ndoa na talaka za jamii za Kenya katika kitabu kilichotoka 1968, na picha inayojitokeza ni kwamba katika jamii nyingi talaka haikuhitaji hakimu. Familia mbili zilikutana. Ikishindikana, wazee waliitwa: kiama kwa Wakikuyu, kokwet kwa Wakipsigis, na mabaraza mengine kwa majina mengine. Kilichojadiliwa sana kilikuwa mahari. Mke akiondoka, ng'ombe au mbuzi wangapi warudi? Pengi idadi ilipunguzwa kulingana na watoto waliozaliwa.

Mfumo huo ulikuwa wa haraka, ulifanyika karibu na nyumbani na kwa lugha ambayo kila mtu aliielewa. Lakini angalia nani aliketi. Kwa kawaida walikuwa wanaume. Mwanamke alisemewa na baba au kaka, na huyo msemaji alikuwa na masilahi yake. Kama ng'ombe wa mahari walikuwa tayari wameozea kaka mtu mke, basi familia nzima ilikuwa na sababu ya kumwambia dada arudi akavumilie. Suluhu ilipatikana, sawa, ila mara nyingine ilikuwa suluhu kati ya koo mbili. Aliyelala katika ile nyumba hakuulizwa.

Pwani kulikuwa na njia nyingine. Sura ya nne ya Kurani, aya ya 35, inaelekeza kwamba ukiogopewa mfarakano kati ya mume na mke, ateuliwe msuluhishi mmoja kutoka upande wa mume na mmoja kutoka upande wa mke. Makadhi walifanya kazi hiyo ya kusuluhisha kabla Waingereza hawajafika, na wakaendelea chini ya ukoloni kwa kuwa ukanda wa pwani ulihesabiwa kuwa wa Sultani wa Zanzibar. Katiba ya 2010 inazitambua mahakama zao katika kifungu cha 170. Mtafiti Mmarekani Susan Hirsch, aliyefuatilia kesi za makadhi katika pwani ya Kenya na kuchapisha kitabu mwaka wa 1998, alionyesha kwamba waliopeleka malalamiko wengi wao walikuwa wanawake. Mwanamke aliyelelewa kuambiwa avumilie na asitoe siri za nyumba alifika mbele ya kadhi akazitoa, na kwa kuzisimulia akapata nguvu ambayo nyumbani hakuwa nayo. Hilo tuliweke akilini.

Serikali ya kikoloni ilizigawa ndoa za watu kwa madaraja. Mwaka wa 1917, katika kesi ya Amkeyo, Jaji Mkuu Hamilton alisema ndoa ya mila ya Kiafrika haistahili kuitwa ndoa, kwamba ni ununuzi wa mke tu. Kwa hiyo talaka za mila ziliachiwa wazee na mabaraza ya wenyeji. Ndoa za cheti zikaletewa sheria ya Kiingereza. Sheria ya Mashauri ya Ndoa iliyoanza kutumika Kenya mwaka wa 1941 ilifuata ile ya Uingereza ya 1937: ukitaka talaka, lazima uthibitishe kosa au msiba. Uzinzi. Ukatili. Kutelekezwa kwa miaka 3 au zaidi. Wazimu usiopona. Kuchoshana hakukuwa kwenye orodha.

Na mleta kesi alitakiwa kuionyesha mahakama kwamba hakuna njama kati yake na mwenzake. Kwa mantiki ya sheria hiyo, talaka ilikuwa dawa ya aliyekosewa dhidi ya mkosaji. Wawili wakikubaliana, basi hakuna aliyekosewa. Huko Uingereza kwenyewe watu walikuwa wameshajifunza kuigiza: mume anakwenda hoteli ya ufukweni, Brighton kwa mfano, na mwanamke wa kulipwa, mhudumu anawaona asubuhi, na huo ndio unakuwa ushahidi wa uzinzi. Watu wawili waliotaka kuachana kwa heshima walilazimishwa kuvuana nguo hadharani.

Sheria ya namna hiyo tuliirithi mwaka wa 1963 na tukakaa nayo. Tume ya sheria za ndoa na talaka iliundwa mwaka wa 1967, ikatoa ripoti mwaka uliofuata na kupendekeza sheria moja kwa ndoa zote. Mswada ulifika bungeni ukakataliwa mwaka wa 1976, ukarudi ukakataliwa tena mwaka wa 1979. Sheria mpya ya Ndoa ilipita mwaka wa 2014. Hesabu mwenyewe: tangu tume hadi sheria ni miaka 47. Mtu angezaliwa, akaoa, akaachana na akapata wajukuu katika muda huo.

Sheria ya 2014 ilifanya mambo mawili. Iliruhusu talaka kwa sababu kwamba ndoa imevunjika kabisa na haitengenezeki, na ikafungua mlango wa mazungumzo. Waliooana kanisani wanaweza kutumia vyombo vya upatanisho vya kanisa lao. Ndoa ya kiserikali inaweza kuelekezwa na mahakama kwenye upatanishi ambao wawili wameukubali. Wa ndoa ya mila wanaweza kupitia wazee kabla korti haijaamua. Nyuma ya hayo yote kulikuwa na kifungu cha 159 cha Katiba, kinachotaka mahakama zihimize upatanishi, ikiwemo njia za jadi. Ila kifungu hicho kina breki: njia za jadi haziwezi kukiuka Sheria ya Haki. Wazee wamerudishwa mezani, lakini sasa na wao wana sheria juu yao.

Aprili 2016 Idara ya Mahakama ilianza majaribio ya upatanishi wa kimahakama pale Milimani, katika kitengo cha familia na kile cha biashara. Kesi ilichujwa, ikapewa mpatanishi aliyeidhinishwa, na muda ukawa siku 60. Mnayoyasema humo hayawezi kutumiwa dhidi yenu kortini. Mkikubaliana mnatia saini, na mahakama inayapokea makubaliano kama hukumu.

Kwa nini mtu achague hivyo? Tazama mali. Katika kesi ya Echaria, mke alikuwa amepewa nusu ya shamba la Tigoni na Mahakama Kuu. Mwaka wa 2007 Mahakama ya Rufaa ikampunguzia hadi robo. Katika uamuzi wa Januari 2023 kuhusu mali ya wawili wengine jijini Nairobi, Mahakama Kuu ilikuwa imempa mke sehemu ndogo, Mahakama ya Rufaa ikasema nusu kwa nusu, na Mahakama ya Juu ikakubaliana nayo. Lakini ikasisitiza kwamba kuolewa tu hakukupi nusu, lazima mchango wako uonekane, hata kama ni wa kulea na kutunza nyumba. Ngazi tatu za korti, mawakili wa kulipwa kila ngazi, na hakuna aliyejua mapema atatoka na nini. Wakati huo wote watoto wanakua.

Lakini tusidanganyane. Upatanishi hauvunji ndoa. Mnakubaliana kuhusu watoto, matunzo na mali, ila talaka yenyewe bado inatolewa na korti. Na makubaliano yakishakuwa hukumu, hakuna rufaa. Ukisaini kwa sababu umechoka, au kwa sababu mwenzako ndiye anayejua kilichomo benki, umesaini.

Hapo ndipo yule dada wa zamani aliyesemewa na kaka yake anarudi. Chumba cha mazungumzo hakina usawa kwa sababu tu kina meza ya mviringo na maji ya chupa. Anayepigwa nyumbani hawezi kujadiliana kwa uhuru na anayempiga. Ndiyo maana ipo Sheria ya 2015 ya kulinda watu dhidi ya dhuluma za nyumbani, na mtu huyo anahitaji amri ya mahakama kwanza. Anayeficha hati za shamba hawezi kuitwa mtu wa kuelewana.

Wanawake waliofika kwa kadhi walijadiliana vizuri kwa kuwa mbele yao palikuwa na mtu mwenye mamlaka ya kuamua. Yule wa kiamani, aliyejua kwamba nje ya baraza hakuna pa kwenda, alikubali alichopewa. Kwa hiyo ukiitwa mezani, na huenda siku moja wewe au dadako mkaitwa, uliza mapema: nikikataa haya, naweza kwenda wapi? Kama jibu ni kortini, na una nauli na wakili wa kukufikisha huko, keti mzungumze. Kama jibu ni hakuna, hiyo meza ni baraza la zamani lililobadilishiwa viti.