Mfalme wa Njia na Mkuu wa Giza

Mzaha ukidumu sana hugeuka ushahidi. Watu hucheka kwanza, husadiki baadaye, na mwishowe husahau kwamba shauri halikupata kusikilizwa. Hukumu ya namna hii ilimwangukia Joseph Lucas wa Birmingham. Kwa wenye motokaa ndogo za Kiingereza, zile za viti viwili na paa la turubai zilizopendwa sana Uingereza na Marekani, Lucas aliitwa Mkuu wa Giza, jina ambalo Waingereza hulitumia kumtaja Ibilisi. Taa zilipozimika njiani usiku, jina hilo lilitajwa. Stata ilipogoma, lilitajwa. Mvua iliponyesha na injini ikafa, lilitajwa tena. Swali la haki ni hili: giza hilo lilikuwa la nani?

Lucas alizaliwa mwaka 1834. Katika miaka ya 1860 alichuma riziki kwa kusukuma mkokoteni na kuuza mafuta ya taa, na karibu na mwaka 1880 alikuwa akiuza taa ya baiskeli iliyopewa jina la fahari, Mfalme wa Njia. Alifariki mwaka 1902. Basi mtu aliyelaumiwa kwa taa za miaka ya 1960 alikuwa kaburini tangu miaka 60 nyuma. Iliyobaki ilikuwa kampuni yenye jina lake. Kampuni hiyo ilikua hata vyombo vya umeme vya MG, Triumph, Austin-Healey na Jaguar vikawa aghalabu vyatoka kwake, na mwaka 1963 Tume ya Ukiritimba ya Uingereza ilitoa taarifa juu ya biashara hiyo na ukubwa wa sehemu iliyoshikwa na Lucas. Hapo shina la mzaha huonekana. Penye muuzaji mmoja kila kosa hubeba jina lake, hata lile lililotendwa na mvua, na mwenye gari mvivu, au na fundi mwenye haraka. Wahenga walisema kuwa lisemwalo lipo. Hawakusema kuwa lipo pale pale linapotafutwa.

Shahidi mwema wa shauri hili ni MGB, motokaa iliyoundwa Abingdon, karibu na Oxford, tangu 1962 hadi 1980, ikapita idadi ya 500,000. Umeme wake ulipangwa kwa akili. Kila waya ilikuwa na rangi yenye maana: kahawia ilitoka kwenye betri bila kukatizwa, nyeupe ilipita kwenye ufunguo, kijani ilipita kwenye fyuzi, buluu ilikwenda kwenye taa kubwa za mbele, nyekundu kwenye taa ndogo, na nyeusi ilikuwa ya ethi. Buluu yenye mstari mweupe iliwasha taa kamili; buluu yenye mstari mwekundu iliwasha taa za dimu. Aliyejua rangi hizo aliweza kuusoma umeme wa gari kama asomavyo barua.

Lakini waya hizo zilikuwa nusu ya njia tu. Umeme hauna kazi usipopata njia ya kuzunguka, na nusu ya pili ya mzunguko ilikuwa bati la bodi lenyewe. Mpango huo uliokoa shaba na fedha, na magari ya nchi nyingine yaliufuata pia. Kasoro yake ni kwamba bati hushika kutu. Maji yaliyorushwa na magurudumu, na chumvi iliyomwagwa barabarani wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu, viliingia nyuma ya taa na ndani ya viungo vya waya, ambavyo vilikuwa ncha za shaba zenye umbo la risasi zilizosukumwa ndani ya mikono midogo ya chuma. Waya ilikuwa nzima, balbu nzima, betri nzima. Kiungo tu kilikuwa kimeota ukungu wa kijani.

Ukungu huo ni mwizi mdogo mwenye hasara kubwa. Ukila sehemu moja ya kumi ya nguvu ya volti 12, mwanga haupungui kwa sehemu moja ya kumi, bali kwa karibu sehemu tatu. Dereva huona barabara ikififia naye hukimbilia dawa iliyo karibu: hununua balbu yenye nguvu zaidi. Balbu hiyo hudai umeme mwingi zaidi, na kadiri umeme unavyozidi kupita kwenye kiungo kibovu, ndivyo kiungo kinavyozidi kula na kuwaka moto. Fedha imetumika, maradhi yamekua, na anayelaaniwa ni Lucas.

Fundi mwenye subira hufuata njia nyingine. Kwanza hupima betri, ambayo ikiwa imejaa na kutulia huonyesha volti 12 na sehemu sita hivi za kumi, kisha husafisha vichwa vyake. Pili hujiuliza kasoro ni ya taa moja au ya zote. Taa moja ikififia, ugonjwa uko katika balbu yake, kiungo chake au ethi yake. Zote mbili zikizimika, ugonjwa uko katika njia wanayoshiriki, yaani swichi au waya inayoilisha. Dimu zikiwaka na taa kamili zikakataa, hushuku swichi ya kubadilisha mwanga, ambayo katika MGB za mwanzo ilikanyagwa kwa mguu sakafuni, mahali pa tope na maji. Tatu huwasha taa, akaweka mguu mmoja wa kipimo cha volti kwenye waya nyeusi ya taa na wa pili kwenye kichwa cha betri kilichofungwa ethi. Kipimo kinapasa kukaribia sufuri. Kikionyesha volti moja, mwizi amekamatwa, na adhabu yake ni msasa, skrubu iliyokazwa na grisi kidogo.

Haki haimwachii mshtakiwa makosa yake halisi. Umeme wote wa taa kubwa ulipita ndani ya swichi yenyewe, bila rilei ya kuipunguzia mzigo, na swichi ilichakaa. MGB za kwanza zilikuwa na fyuzi mbili tu, na taa kubwa hazikulindwa na hata moja. Dainamo yake ilitoa umeme mchache injini ilipozunguka polepole, hata usiku wa foleni ya mjini ukawa mzigo wa betri. Mwaka 1967 alteneta ilichukua mahali pa dainamo, na ethi, iliyokuwa upande wa chanya, ikahamishiwa hasi. Mabadiliko hayo yalikuwa mema, ila yaliacha mtego: asiyejua gari lake ni la mwaka gani aliweza kufunga betri kinyume na kuunguza alteneta kwa mkono wake mwenyewe. Yeye pia alisema ni Lucas.

Kwa hiyo lawama ya kweli ni ndogo kuliko mzaha. Kampuni na waunda magari walibana gharama, na bei ya ubanaji huo ililipwa na waliosafiri usiku. Lakini sehemu kubwa ya giza ilitokana na miaka, maji, na mikono iliyobadilisha vyombo kabla ya kupima. Magari mengi ya aina hiyo yangali barabarani yakiwa na waya za mpango ule ule, na taa zake huangaza vizuri pale ambapo ethi ni safi. Anayeandika historia ana kazi moja na fundi huyo: asimtaje mkosaji kabla ya kufuata njia yote, kwenda na kurudi.