Idara za afya katika mipango ya matumizi ya ardhi (Geita na Shinyanga)

Ushirikishwaji wa idara za afya katika mipango ya matumizi ya ardhi ni utaratibu wa kuwahusisha maafisa afya wa halmashauri kabla ya kuamua wapi pawe makazi, mashamba, malisho au machimbo. Katika mikoa ya Geita na Shinyanga, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, jambo hili lina uzito wa pekee kwa sababu dhahabu huchenjuliwa mara nyingi jirani na nyumba za watu.

Zebaki na makazi

Mbali na migodi mikubwa kama Geita (ulioanza uzalishaji mwaka 2000) na Bulyanhulu (2001), eneo hilo lina wachimbaji wadogo wengi. Mwamba husagwa kwa karasha, unga wake huoshwa kwenye mwalo, kisha huchanganywa na zebaki ambayo hushika chembe za dhahabu. Mchanganyiko huo ukichomwa, zebaki hugeuka mvuke na dhahabu hubaki. Mvuke huo huvutwa na mchomaji, na pia na watoto waliomo ndani ikiwa moto umewashwa uani au jikoni. Hudhuru hasa ubongo, mishipa ya fahamu na figo. Uchunguzi uliofanyika Rwamgasa, wilayani Geita, katika mradi wa zebaki wa UNIDO miaka ya 2000 ulionyesha kwamba wachomaji ndio walioathirika zaidi.

Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unazitaka nchi zenye uchimbaji mdogo wa namna hii kuchukua hatua za kukomesha uchomaji katika maeneo ya makazi, na kuwa na mkakati wa afya ya jamii. Kwa hiyo mahali pa kuweka mwalo ni suala la afya kama lilivyo la ardhi.

Nani huamua

Chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007, mpango wa kijiji huandaliwa na halmashauri ya kijiji na kupitishwa na mkutano mkuu wa kijiji, kwa msaada wa wataalamu wa wilaya. Hao kwa kawaida ni wa ardhi, kilimo, mifugo, misitu, maji na maendeleo ya jamii. Leseni ya uchimbaji hutolewa kwingine, na Tume ya Madini.

Mjini hali ni tofauti kidogo: ombi la kibali cha ujenzi hupitia kwa afisa afya, ambaye hutazama choo, maji taka na hewa. Ni ajabu kwamba choo cha nyumba moja hukaguliwa kwenye ramani, ilhali kwenye machimbo afisa huyohuyo mara nyingi huukuta mwalo umeshaanza kazi. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa uwezo wa kukagua na kuchukua hatua dhidi ya kero, lakini kuhamisha karasha lililokwisha kuajiri watu ni kugumu kuliko kulipangia mahali mapema.

Anachoweza kuchangia ni kumbukumbu za wagonjwa wa zahanati, mahali visima vilipo, upepo unakoelekea, na maduara yaliyoachwa ambayo hujaa maji na kuzalisha mbu. Kikwazo kikubwa ni rashi. Dhahabu ikigunduliwa, mamia ya watu huweza kuhamia porini ndani ya siku chache bila vyoo wala maji safi, na kipindupindu huweza kufika kabla ya mpima ardhi.